Taa Zinazoshuka Taratibu: Risala ya Mafundi Umeme Wanawake wa Kigera

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mwalimu mkuu na walimu wa shule hii, matroni wetu Matrida, viongozi wa dini, wazazi mliotoka Butiama, Musoma na vijiji vya kandokando ya ziwa, wanafunzi wapendwa, mabibi na mabwana. Bwana Yesu asifiwe, na poleni na safari.

UKARIBISHO

Sisi ni wanawake saba wa Kikundi cha Mafundi Umeme Wanawake Kigera, KIMUWAKI, kutoka Musoma Mjini. Tunakukaribisha kwa mikono miwili hapa Kabasa. Tumesikia kwamba ratiba yako ilikuwa ianzie kwenye kisima cha kata jirani, ukaomba uanzie huku. Tumeliona hilo na tunalishukuru.

Tuliomba risala isomwe humu ukumbini badala ya kule nje kwenye maturubai, kwa sababu kazi tuliyokuitia iko juu ya kichwa chako. Mapazia tumeyafunga makusudi, usije ukafikiri tumekuweka gizani. Mimi ninayesoma naitwa Stellah, katibu wa kikundi. Kuandika kulikuwa kwangu, ila kila sentensi imepita kwa wenzangu sita, na zipo walizozifuta.

TULIKOTOKA

Kikundi kilianza mwaka 2019 na wanawake wanne waliomaliza kozi ya umeme wa majumbani. Mwenyekiti wetu, Hyasinta Mugeta, kabla ya hapo alikuwa anauza dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhushia. Recho, ambaye utamsikia sana katika risala hii, alikulia kijijini kwenye ng'ombe, na hadi leo anamkamulia mama yake kabla hajaja kazini. Wengine watatu tuliungana nao baadaye.

Mwanzo haukuwa rahisi. Tulikuwa tunafika kwenye nyumba na ngazi yetu, tunakaribishwa vizuri, tunapewa viti na chai, kisha mwenye nyumba anauliza, "Sasa fundi mwenyewe anafika saa ngapi?" Hyasinta alikuwa anajibu, "Ameshafika, anamalizia chai." Wengine walicheka wakatuachia kazi. Wengine walisema basi tutawasiliana, na hawakuwasiliana.

NYUMBA YA MZEE MAKONGORO

Mgeni rasmi, hatuwezi kukueleza habari ya ukumbi huu bila kukueleza kwanza tulivyoharibu kazi.

Mwaka juzi mwezi wa tatu tuliitwa na Mzee Makongoro, mstaafu wa idara ya uvuvi anayeishi pale pale Kigera. Mke wake, Mama Debora, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho, na tangu hapo mwanga mkali ulikuwa unamchoma. Jioni taa zikiwashwa alijifunika kanga usoni, hata wageni wakiwepo. Kijana wao Benson, anayefanya kazi Mwanza, aliwaletea swichi nne za kisasa za kupunguza mwanga. Swichi ya namna hiyo haiishii kuwasha na kuzima. Unaigusa kwa kidole, au unaiagiza kwa simu, na taa inashuka au inapanda taratibu mpaka pale unapotaka.

Tulizifunga kwa siku moja. Ilibidi tuvute waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, hadi kwenye maboksi ya ukutani, maana nyumba nyingi za kwetu waya huo haufiki kwenye swichi, na hizi tulizoletewa hazifanyi kazi bila huo. Tulijiona tumemaliza. Taa zikiwaka kwa nguvu zote zilikuwa nzuri. Tulipozishusha nusu zikaanza kupepesa, na kwenye dari ukasikika mlio kama wa mbu aliyeingia sikioni. Hyasinta akasema labda zitazoea. Mheshimiwa, taa hazizoeagi.

Baada ya wiki moja balbu mbili zilikuwa zimekufa, na Mama Debora alikuwa anaumwa kichwa kutwa. Mzee Makongoro akatuita. Hakufoka. Alisimama mlangoni na fimbo yake akasema, "Mabinti zangu, mimi nilibishana na watu ili niwaite nyie. Sasa mama yenu kanga ameongeza ya pili. Naomba mnirudishie swichi zangu za zamani."

Angefoka tungejitetea. Tulirudisha swichi za zamani, tukabeba ngazi yetu tukaondoka. Habari ilitutangulia mtaani. Kwa miezi miwili simu ya kikundi iliita mara tatu, na mara zote walikuwa wamekosea namba. Wawili kati yetu walianza kusema turudi mwaloni, angalau dagaa hawapepesi.

Recho alimwomba mzee amwachie swichi moja kati ya zile za kisasa. Akaipachika kwenye ubao ndani ya chumba chetu cha vifaa, na kila siku akishakamua anakuja kuijaribu kwa balbu nyingine. Siku moja asubuhi akatuita wote, akashika boksi tupu la balbu.

"Maelekezo ya swichi tulisoma?" akauliza.

"Tulisoma mara tatu," Hyasinta akajibu.

"Na hili boksi, nani alilisoma?"

Tukalisogelea kulisoma. Ubavuni, kwa maandishi ya kukodoa macho, ilikuwa imeandikwa kwamba balbu ile haifai kupunguzwa mwanga.

Tunalisema hili mbele yako bila kuficha, kosa lilikuwa letu. Balbu za LED zinafanana sura tu. Ipo iliyotengenezwa kushuka na kupanda, na ipo inayojua kuwaka na kuzima basi. Ukiifunga hii ya pili kwenye swichi ya kupunguza mwanga inapepesa, inalia, na inakufa kabla ya siku zake.

Balbu sahihi hatukuzipata Musoma. Zilikuja kwa basi kutoka Mwanza, Benson amezifunga ndani ya sweta lake zisivunjike. Hata hizo zikishushwa chini kabisa zilikonyeza kidogo, hadi Recho alipogundua kwamba swichi ina sehemu ya kupanga mwisho wake wa chini, isishuke kupita pale balbu inapoweza. Na kwenye majaribio yetu, balbu moja ndogo ikiwa peke yake swichi iliikataa, kwa sababu mzigo ulikuwa mdogo kuliko inaoutaka. Tukaongeza ya pili, ikakubali.

Tulirudi kwa Mzee Makongoro wote saba. Tulimwamkia, akaitikia, ila mlango hakuufungua wote. "Hapana," alisema. "Nimeshachoka na majaribio." Ndipo tukasikia sauti ya Mama Debora kutoka ndani: "Baba Benson, waache waingie. Hata mimi nilikuwaga naunguza ugali nilipoolewa, na hukunirudisha kwetu."

Tulifunga sebule peke yake. Recho alimshika mama mkono, akamwekea kidole kwenye swichi. Mama akashusha mwanga, akapandisha kidogo, akashusha tena, akatulia. Tukasubiri mlio wa mbu, haukuja. Akatoa kanga usoni. Alikuwa anatujua kwa sauti tu, maana siku zote tulipokuja alikuwa amejifunika. Akaanza kututazama mmoja mmoja, na alipofika kwa Recho akasema, "Kumbe wewe una mwanya. Umependeza, mwanangu."

Mzee Makongoro alitoka nje. Alirudi baada ya muda, macho yamekuwa mekundu, akatuuliza vyumba vingine tunamaliza lini.

TULIVYOFIKA KABASA

Mama Debora ni dada wa matroni Matrida wa mabweni ya shule hii. Ndiye aliyempigia simu na kumwambia, "Hao watoto wako wanaofunika macho, kuna mafundi huku waje wawaone."

Mabweni mawili ya shule hii yanalea watoto thelathini na wawili. Kumi na tisa wana ualbino. Waliobaki wana uoni hafifu wa aina nyingine. Ukumbi huu ndipo wanapojisomea jioni, na ulikuwa na taa nne ndefu nyeupe, kali sana, za swichi moja. Aliyezitoa alikuwa na moyo mzuri na hatumlaumu. Lakini watoto wengi wenye ualbino walikuwa wanaingia na kofia, wanasoma wamegeukia ukuta. Wenzao wenye uoni hafifu, wakiwekewa mwanga mdogo, hawaoni hata mstari wa daftari. Hawa wakizima, wale wanawasha.

Siku moja saa moja jioni mwanafunzi wa darasa la sita, Chrispin, ambaye asipopata mwanga mkali hasomi kitu, aliwasha. Mwenzake wa darasa hilohilo, Miriamu, ambaye ana ualbino, akazima. Wakang'ang'aniana pale kwenye swichi, swichi ikang'oka na boksi lake, waya zikabaki wazi. Neema ya Mungu, matroni alikimbilia meni swichi akakata umeme. Hakuna aliyeumia. Shule ikaona njia ya haraka ni kuwatenganisha. Kina Chrispin wakabaki ukumbini, kina Miriamu wakapelekwa barazani kusomea kwa mwanga unaotokea dirishani.

Muhula ule Miriamu alishuka kutoka nafasi ya nne hadi ya ishirini na sita. Walimu walidhani ni uvivu. Yeye alimwambia matroni, "Barazani macho hayaniumi, ila maandishi siyaoni."

Mheshimiwa, hili ndilo tulilojifunza hapa na tunaomba lisikike. Mtoto mwenye ualbino haombi giza. Anaomba mwanga wa kutosha usiomchoma, na kiasi chake anakijua mwenyewe.

Siku tuliyokuja kupima ukumbi tulimkuta mama yake Miriamu. Alikuwa ametoka Mwitongo, Butiama, alfajiri na mfuko mtupu, amekuja kuchukua nguo za mtoto amrudishe nyumbani. Yupo hapa leo, na ametuambia tunaweza kuyasema. Recho alishuka kwenye ngazi akamfuata.

"Mama, shikamoo. Tunaomba wiki mbili."

"Marahaba. Wiki mbili nimeshaambiwaga mara nyingi," mama akajibu. "Nilipomleta darasa la kwanza niliambiwa wiki mbili atapata miwani. Alipata darasa la tatu."

"Sisi hatuna miwani. Tuna taa."

"Mmeshazifunga wapi?"

Recho angeweza kusema tu kwamba tumezifunga Kigera. Alisema, "Kigera. Mara ya kwanza tuliharibu. Mara ya pili zikakubali."

Mama akautazama mfuko wake. Kisha akasema, "Nina mihogo ya kuvuna. Nikimaliza nitarudi, na mfuko huu nitakuja nao."

KAZI ILIYOFANYIKA

Tuliugawa ukumbi mistari sita ya viti, kila mstari na balbu zake na swichi yake. Fundi mwenye leseni, Mzee Boniphace wa hapa Bunda, alikubali kutusimamia, na kila waya tuliovuta aliupima yeye. Tulichagua swichi zinazotii kidole hata kama simu haipo au mtandao umekata, kwa sababu mtoto hawezi kusubiri bando la matroni. Simu ya matroni ina kazi moja tu: saa kumi na moja na nusu alfajiri taa zinaamka zenyewe polepole, kama kunavyokucha, badala ya kuwapiga usoni watoto wanaowahi kujisomea.

Hata hapa hatukupatia mara moja. Siku ya tatu umeme ulikatika. Uliporudi, taa zote ziliruka hadi juu kabisa, na watoto wakalia kwa uchungu wa macho. Recho alikaa chini palepale na kile kitabu cha maelekezo hadi akaona namna ya kuziagiza zirudi pale zilipoachwa. Tangu siku hiyo umeme ukikatika na kurudi, watoto hawashtuki.

Mama wa Miriamu alirudi siku ya kumi na sita, na mfuko aliokuwa ameahidi. Matroni akampa kiti pale nyuma wakati wa kujisomea. Akamwona mwanawe anaingia bila kofia, anashusha mwanga wa mstari wake, anafungua daftari na kuinama kuandika. Mstari wa mbele Chrispin amepandisha wake hadi mwisho. Kukawa kimya, kila mtu na kazi yake. Mama akamnong'oneza matroni, "Yule ni Miriamu kweli? Mbona nyumbani sijawahi kumwona amekaa na kitabu hivyo?" Matroni akamwambia, "Nyumbani amekaaga na taa gani?" Mama akaukunja mfuko wake. Jioni ile alilala kwa dada yake hapa Kabasa, na asubuhi akapanda gari la Butiama peke yake.

MAFANIKIO

Mtihani wa muhula uliopita Miriamu alikuwa wa tatu. Chrispin alikuwa wa tano, na ameniagiza niseme kwamba kwenye hisabati alimpita. Kina Miriamu wameshatoka barazani. Walimu wanatuambia malalamiko ya kichwa yamepungua sana wakati wa kujisomea.

Kwa upande wetu, simu ya kikundi sasa inaita na wanaopiga hawajakosea namba. Tumefunga taa za namna hii kwenye nyumba kumi na nne za Musoma na nyumba moja ya kulaza wageni Butiama. Siku hizi kabla ya kupanda ngazi tunamwomba mwenye nyumba atuletee maboksi ya balbu, tunayasoma kwa sauti, wote, akiwemo Hyasinta ambaye miwani yake ni ya kuazima. Mzee Makongoro amekuwa mtu wa kututangaza. Amezidisha, maana anasema tuliweza mara ya kwanza.

CHANGAMOTO

Changamoto tulizonazo ni hizi.

Ukumbi umekamilika, mabweni bado. Watoto wakimaliza kujisomea humu wanarudi kwenye vyumba vyenye taa zilezile kali. Wapo wanaolala na sweta la shule kichwani, mwezi wa kumi, na joto mnalijua.

Mwezi uliopita balbu moja ya mstari wa nne ilikufa tukiwa Musoma. Mtunza stoo, kwa nia njema, akanunua ya kawaida dukani akaifunga. Jioni mstari mzima ukaanza kupepesa na watoto wakauhama. Hakukosea yeye, maana karatasi ya manunuzi iliandikwa "balbu" basi. Sisi wenyewe tulishalifanya kosa hilohilo, na sisi ni mafundi.

Mzee Boniphace anastaafu mwezi wa kumi na mbili na kuhamia kwa watoto wake Tarime. Kwetu hakuna mwenye leseni ya kusimamia kazi kwenye jengo la serikali. Recho na Hyasinta wamejiandikisha kwa usaili mara mbili. Mara ya kwanza ulifanyika mbali, katikati ya juma, na ng'ombe wa mama hawakuwa na mtu. Mara ya pili walifika, na mtu wa mapokezi akawauliza wamemsindikiza nani, na hadi wanaondoka hawakuitwa kupimwa.

MAOMBI

Tunaomba ofisi yako ilichukue suala la taa za mabweni mawili. Michoro tumeshaitayarisha, iko kwenye bahasha hii ya kaki. Kazi ya mikono tutaitoa sisi.

Tunaomba manunuzi ya vifaa vya shule hii yaandikwe kwa ukamilifu: balbu ya LED inayokubali kupunguzwa mwanga. Maneno hayo yakiandikwa, mtunza stoo hatapotea tena.

Tunaomba utusemee usaili wa leseni uletwe karibu. Hatuombi tulegezewe. Wakipimwa pamoja na wenzao wowote, tunaamini Recho na Hyasinta watapita.

Ombi la mwisho halihitaji barua. Tukimaliza kusoma, tunaomba ukae kwenye kiti kimojawapo cha mstari wa tatu, ufungue kitabu chochote, na uiweke taa pale macho yako yanapopenda. Miriamu atakuonyesha mahali pa kugusa.

HITIMISHO

Mheshimiwa, nilikuwa nimeandika hitimisho refu. Wenzangu wamelifuta wakasema nisome hili badala yake.

Wiki iliyopita mama mmoja kutoka Butiama alipiga simu ya kikundi. Ana watoto wawili wenye ualbino, wa miaka saba na tisa, na hawajaanza shule. Amesikia habari za ukumbi huu kutoka kwa mama wa Miriamu. Aliuliza swali moja: "Na wanapolala, mmeshafunga?"

Recho ndiye aliyepokea. Alimwambia bado. Mama akauliza lini. Recho akamwambia hajui, ila Jumatano tutakuwa na mgeni, na kwamba atampigia Jumatano hiyohiyo kabla jua halijazama.

Leo ni Jumatano. Namba yake Recho anayo.

Mungu akulinde barabarani, aibariki kazi ya mikono yako, awabariki watoto hawa na waliowazaa. Asante kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Kikundi cha Mafundi Umeme Wanawake Kigera, KIMUWAKI
Imesomwa na Stellah, katibu, kwa niaba ya wanakikundi wote saba
Kabasa, Bunda